Utajiri wa Nchi Hupimwa kwa Kipimo Gani?

Mara kwa mara tunasikia katika redio na kusoma katika magazeti kwamba nchi fulani ni ya kwanza duniani kwa utajiri, nchi nyingine ni ya pili, na Kenya ni ya kadha wa kadha katika Afrika. Habari hizo hupokelewa kwa namna mbili. Wako wanaofurahi kana kwamba wameongezewa ng'ombe zizini. Wako wengine wanaocheka na kusema, "Hizo ni hesabu za wakubwa, sisi hazituhusu." Kwa maoni yangu wote wamekosea. Hesabu hizo zinatuhusu sisi wakulima wa Nyansiongo, Lietego, Isoge na skimu nyingine za Borabu, na zinawahusu ndugu zetu wa Kisii wenye mashamba madogo kuliko yetu, kwa sababu fedha za barabara na za zahanati hugawanywa kwa hesabu. Lakini kama vile karani wa kituo cha majani chai asivyopokea kikapu kabla ya kutazama kilichomo ndani, ndivyo inavyotupasa sisi nasi kutazama ndani ya hesabu kabla ya kuipokea.

Kwanza tufahamu maneno. Pato la taifa ni thamani ya vitu vyote vilivyozalishwa na kazi zote zilizolipiwa katika nchi kwa mwaka mmoja: majani chai, maziwa, saruji, nauli za matatu, kazi ya walimu na ya madaktari, na kadhalika. Mwaka 2023 pato la Marekani lilikuwa zaidi ya dola trilioni 27. Trilioni moja ni milioni moja iliyorudiwa mara milioni moja, nami sitamlaumu mtu akishindwa kuiona akilini mwake. China ilifuata kwa karibu trilioni 18. Ujerumani ilipata karibu trilioni 4 na nusu, ikaipita Japani mwaka huo na kuwa ya tatu. India ilikuwa ya tano, na Uingereza, iliyoitawala India mpaka 1947, ilikuwa imekwisha kupitwa, ikashika nafasi ya sita. Kenya ilipata dola bilioni 108 hivi. Kwa hiyo pato la Marekani ni zaidi ya mara 250 ya letu.

Je, jambo hili linatufundisha nini? Likiachwa hivi hivi, halitufundishi mengi. Na ili tuone sababu, tuziache nchi kubwa kidogo turudi Borabu.

Serikali ilipoanza mwaka 1962 kununua mashamba ya Wazungu katika ule mpango wa Ekari Milioni Moja, mashamba ya skimu hayakukatwa ovyo. Yalikatwa kwa hesabu. Katika skimu za watu wengi, kila shamba lilitakiwa litoshe kuilisha jamaa moja, lilipe mkopo wa miaka 30, na baada ya hayo limwachie mwenyewe fedha taslimu, paundi 25 katika skimu nyingine, mpaka paundi 70 katika nyingine, kwa mwaka. Paundi moja wakati ule ilikuwa Sh. 20/-. Kwamba wengi hawakukifikia kipimo hicho, na kwamba madeni yalikaa miaka na miaka, ni kweli, na wazee wetu wanalijua jambo hilo kuliko mimi. Lakini kipimo chenyewe kilikuwa cha akili. Hakikuuliza shamba zima limetoa nini. Kiliuliza: jamaa ni watu wangapi, wamekula, wamelipa deni, na mkononi kimebaki nini? Hayo ndiyo maswali ambayo mtu anayelinganisha nchi za dunia husahau kuyauliza.

Tuchukue India na Uingereza. Jumla ya India ni kubwa kuliko ya Uingereza, lakini Wahindi ni zaidi ya bilioni 1.4, na Waingereza hawafiki milioni 70. Ukigawanya, kila Mwingereza anaangukiwa na dola 49,000 hivi, na kila Mhindi dola 2,500 hivi. Maana yake ni kwamba ile nchi ya tano, raia wake mmoja ana pato la ishirini la raia wa nchi ya sita. Kenya nayo ikigawanywa vivyo hivyo ni karibu dola 1,950 kwa kila mtu. Basi Mkenya wa kawaida hayuko mbali sana na Mhindi wa kawaida, ingawa katika magazeti India hutajwa pamoja na wakubwa na sisi hutajwa pamoja na wadogo.

Hata hivyo wastani nao una hila yake. Fikirini wakulima 10 wa kituo kimoja. Tisa kati yao hupata Sh. 100,000/- kila mmoja kwa mwaka. Wa kumi ana mabasi na duka la jumla, naye hupata Sh. 9,100,000/-. Jumla yao ni milioni 10, na wastani wao ni milioni moja. Bwana mmoja kutoka mjini akija na kalamu yake ataandika kwamba wakulima wa kituo hiki ni watu wa milioni moja, na wale tisa hawajapata kuiona milioni hiyo hata kwa mbali.

Tena fedha siyo maisha. Mwaka 2023 pato la Mmarekani mmoja kwa wastani lilikuwa dola 82,000 hivi, na la Mjapani dola 34,000 hivi. Lakini Mjapani alitazamiwa kuishi miaka 84, na Mmarekani miaka 78. Miaka miwili kabla ya hapo, 2021, umri huo wa Wamarekani ulikuwa umeshuka mpaka 76 hivi kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, dawa za kulevya na mambo mengine, na nchi ile ilikuwa ingali ya kwanza kwa pato duniani. Mkulima akisikia "ya kwanza", yafaa aulize: ya kwanza kwa nini?

Liko pia jambo la bei. Kunyoa nywele Kisii mjini ni Sh. 100/- hivi, yaani chini ya dola moja. Kinyozi wa New York hutoza dola 20 na zaidi, na nywele ni zile zile. Kwa hiyo wenye kuhesabu, chini ya mpango unaoongozwa na Benki ya Dunia, hukusanya bei za vitu vinavyofanana katika nchi nyingi, ili wajue dola moja inanunua nini kila mahali. Wakihesabu hivyo, pato la Mkenya hupanda kufikia karibu mara tatu, na China inaonekana kuwa ilikwisha kuipita Marekani tangu katikati ya miaka ya 2010. Mabishano mengi mnayoyasikia kama ni China au ni Marekani iliyo ya kwanza yanatoka hapo tu: kila mtu ameshika kipimo chake.

Lakini hapa mkulima ana neno la kuwaambia mabwana wa hesabu. Ni kweli kwamba ndizi, mboga za chinsaga, vibarua na vinyozi ni rahisi kwetu. Mbolea siyo rahisi. Dizeli siyo rahisi, wala dawa ya ng'ombe, wala simu ya mkononi. Vitu hivi tunavinunua kwa bei ya dunia nzima, na tunauza mboga kwa bei ya Daraja Mbili. Mtu anayeambiwa kwamba pato lake ni mara tatu kwa sababu kunyolewa ni rahisi, naye anakwenda dukani kununua mbolea, ana haki ya kushangaa.

Na wakati mwingine hesabu hubadilika bila shamba kubadilika. Mwaka 2023 pato la Kenya kwa shilingi liliongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 baada ya kuondoa kupanda kwa bei. Kwa dola, pato lilelile lilipungua. Sababu ni kwamba mwisho wa 2022 dola moja ilikuwa Sh. 123/- hivi, na mwanzo wa 2024 ilipita Sh. 160/-, kisha katika mwaka huo ikashuka tena mpaka Sh. 130/- hivi. Mkulima wa chai anaelewa jambo hili upesi kuliko mwalimu wa chuo, kwa sababu chai yetu huuzwa katika mnada wa Mombasa kwa dola na bonasi hulipwa kwa shilingi. Shilingi ikianguka, bonasi hunona hata kama chai haikupanda bei. Shilingi ikipata nguvu, bonasi hukonda.

La ajabu zaidi lilitokea mwaka 2014. Tarehe 30 Septemba mwaka huo Serikali ilitangaza hesabu mpya, na pato la taifa la mwaka 2013 likaongezeka kwa asilimia 25 kwa siku moja. Kenya iliruka kutoka nafasi ya 12 mpaka ya 9 katika Afrika, ikaingia katika daraja la nchi zenye kipato cha kati, daraja la chini. Hakuna ng'ombe aliyezaa usiku ule kwa ajili ya tangazo hilo, wala hakuna mkungu wa ndizi ulioongezeka. Kilichotokea ni kwamba hesabu za zamani zilitegemea mwaka 2001, kabla ya simu za mkononi kuenea na kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, na hesabu mpya zilitegemea mwaka 2009. Huo haukuwa udanganyifu. Ni kama mtu aliyekuwa akipima maziwa kwa kopo la zamani lisilo na alama, kisha akanunua kopo jipya. Nigeria ilikuwa imefanya vivyo hivyo mwezi wa Aprili mwaka huo huo, pato lake likaongezeka kwa asilimia 89, na mara moja ikaipita Afrika Kusini. Lakini lazima tuseme kwamba jina la heshima lina gharama yake. Nchi ikiitwa ya kipato cha kati, wakopeshaji huanza kuiambia kwamba haistahili tena mikopo yote ya riba ndogo, na anayelipa riba hiyo ni mlipa kodi, awe anakaa Nairobi au Keroka.

Sasa nataka kusema juu ya kile kinachoachwa nje ya hesabu, maana hapa ndipo wengi wetu, hasa sisi wanaume, hatutaki kupatazama.

Tazameni siku ya mama mmoja wa Nyamira. Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anakamua ng'ombe, anateka maji, anapika uji wa wimbi, anawaosha watoto na kuwapeleka shule, anachuma majani chai mpaka mchana, anarudi, anapika, anatafuta kuni, analima mboga, anamwuguza mkwewe, anapika tena. Katika pato la taifa, majani chai yamehesabiwa. Maziwa yaliyouzwa yamehesabiwa, na yaliyonywewa na watoto yamekisiwa. Mboga alizolima kwa chakula cha nyumbani nazo hukisiwa. Maji na kuni, kwa kanuni za kimataifa, vinaweza kutiwa ndani, ingawa si kila nchi inayovihesabu sawasawa. Kupika, kulea na kuuguza haviko kabisa. Lakini akiumia mguu, na mumewe akamwajiri msichana wa kupika na kulea kwa mshahara, pato la taifa litapanda. Mama amelala kitandani, jamaa imepungukiwa, na kitabu cha Serikali kinaonyesha maendeleo.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Simon Kuznets, mtaalamu aliyelitengenezea Bunge la Marekani hesabu za pato la taifa mwaka 1934, alionya katika taarifa ile ile kwamba hali njema ya watu haiwezi kujulikana vizuri kwa kutazama pato tu. Katika miaka ya 1940 Bibi Phyllis Deane, Mwingereza, alikwenda vijijini katika nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi kutafuta pato la mataifa yale, akaona kwamba si haki kuacha kazi ya wanawake kama vile kutafuta kuni, kwa maana bila kuni hakuna chakula. Wakubwa wake hawakukubali wazo hilo. Ilichukua karibu miaka 50 mpaka kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1993 zikakubali kuteka maji kuwa kazi ya uzalishaji. Hapa Kenya ulifanywa uchunguzi wa matumizi ya wakati mwaka 2021, ukaonyesha kwamba wanawake hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani zisizo na malipo. Mimi naona uchunguzi huo ungestahili kusomwa katika kila baraza la chifu, na wanaume wakae mbele.

Kuna kingine kisichoonekana vizuri. Wana wa Gusii wako wengi Marekani, hasa katika jimbo la Minnesota, nao hutuma fedha nyumbani. Wakenya walioko nchi za nje walituma zaidi ya dola bilioni 4 mwaka 2023, nazo ni zaidi ya mara mbili ya fedha ambazo nchi ilipata kwa chai mwaka huo. Fedha hizo hazihesabiwi katika pato lililozalishwa nchini, kwa kuwa kazi ilifanyika kule. Lakini nyumba ya mawe iliyojengwa Nyaribari kwa fedha hizo, karo iliyolipwa na ng'ombe wa gredi aliyenunuliwa, vyote viko hapa.

Tuje kwenye ardhi, maana mkulima asiposikia habari za ardhi huona amepotezewa wakati. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, na 605,576 katika Nyamira. Kisii ni watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba, na Nyamira 675. Kwa lugha ya shamba, Kisii ni karibu watu 4 kwa kila ekari, pamoja na barabara, mito, milima na makaburi ya wazee. Nyamira ni watu karibu 3 kwa ekari, na kama si sisi wa Borabu tuliokaa kwa nafasi, wangekuwa zaidi. Marekani ni kinyume: kila mtu ana ekari 7 hivi. Japani ni mtu mmoja na kidogo kwa ekari. Uholanzi, nchi inayosongamana kuliko nyingi za Ulaya, ni watu 2 kwa ekari, nayo ni mojawapo ya nchi zinazoongoza duniani kwa thamani ya mazao ya kilimo inayouza nje.

Wengi hutaja Uholanzi kutuonyesha kwamba ardhi ndogo si kisingizio. Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Katika Uholanzi ni watu 2 hivi kati ya 100 wenye kazi wanaofanya kilimo. Wengine wote wako bandarini, viwandani, maofisini. Ekari ya Mholanzi haiulizwi iwalishe wana watano wa baba mmoja, kila mmoja na nyumba yake na kipande chake cha chai. Anayetaka tuwe kama Uholanzi na atuambie pia kazi nyingine ziko wapi.

Nchi inayotufanana zaidi ni Bangladesh. Huko ni watu zaidi ya 4 kwa ekari, kama Kisii, na nchi nzima iko hivyo. Ilipopata uhuru mwaka 1971 baada ya vita, wengi duniani waliihurumia tu, hawakuitumaini. Mwanamke wa huko wakati ule alizaa watoto 6 au 7. Leo ni 2 hivi. Pato lake kwa kila mtu mwaka 2023 lilikuwa dola 2,500 hivi, juu ya letu kidogo. Lakini tazameni umri: mtu wa Bangladesh anatazamiwa kuishi zaidi ya miaka 70, na sisi tumefikia 63 hivi. Ukimwi ulitukata sana katika miaka ya 1990, hilo ni kweli, lakini si sababu yote. Mojawapo ya mambo waliyofanya ni hili. Kuanzia 1980 mpaka 1990 chama kinachoitwa BRAC kilipeleka wanawake waliofundishwa, nyumba kwa nyumba, jamaa zaidi ya milioni 12, kuwafundisha akina mama jinsi ya kumwokoa mtoto anayeharisha kwa maji, chumvi na sukari guru. Sukari guru, mabibi na mabwana, kama ile inayopikwa South Mugirango. Na mwalimu alilipwa kwa kadiri mama alivyoelewa somo: baadaye alikuja mkaguzi kumwuliza mama, na mama akiwa amesahau, mwalimu alipata kidogo. Kazi hiyo iliongeza pato la taifa kwa senti chache tu. Watoto waliopona hawana safu katika kitabu cha pato, wako katika kitabu cha hesabu ya watu. Leo zahanati zetu zina paketi za dawa hiyo na vidonge vya zinki, na kila mama mwenye mtoto anayeharisha yafaa aziombe bila kungoja.

Sasa nitasema kwa nini nilitaja fedha za barabara mwanzoni. Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba kaunti zote kwa pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Baraza la Seneti hutengeneza kanuni ya kugawanya fedha hizo kila baada ya miaka mitano. Kanuni ya kwanza iliipa idadi ya watu asilimia 45 ya uzito, umaskini asilimia 20, na ukubwa wa ardhi asilimia 8. Mwaka 2020 Maseneta walibishana kwa miezi, mkutano baada ya mkutano, mpaka walipokubaliana mwezi wa Septemba. Idadi ya watu ilishushwa mpaka asilimia 18, matibabu yakapewa 17, umaskini 14, kilimo 10, barabara 8. Waliobishana walijua vizuri walichokuwa wakikitaka. Kaunti yenye watu wengi katika ardhi ndogo, kama Kisii, hufaidi vichwa vikihesabiwa. Kaunti kubwa na kavu hufaidi ekari zikihesabiwa. Kila kanuni ni mizani, na kila mtu hupenda mizani inayolala upande wake.

Basi tazameni jambo hili. Mwaka 2009 Nyamira ilihesabiwa watu 598,252. Mwaka 2019 waliongezeka kwa 7,324 tu kwa miaka kumi yote. Kisii waliongezeka kwa asilimia 10, na Kenya nzima kwa asilimia 23. Mwaka 2009, katika kila Wakenya 100, wanne na nusu walikuwa wa kaunti zetu mbili; mwaka 2019 hawakufika wanne. Sababu ni mbili: tunazaa watoto wachache kuliko wazazi wetu, na vijana wetu wanakwenda Nairobi, Nakuru, Eldoret na nchi za nje. Nimewasikia watu wakisema kwamba basi tuzae zaidi ili tupate fedha zaidi. Hapana. Fedha za kaunti kwa mtoto mmoja aliyeongezeka haziwezi kumpa ekari, karo wala chakula. Mkulima mwenye ekari 2 na watoto 3 ameendelea kuliko mwenye ekari 2 na watoto 8, kanuni iseme itakavyosema.

Tunachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba waliopo wanahesabiwa. Baba zetu walikuwa na sababu za kuogopa karani. Tangu kodi ya vibanda ilipoanza mwaka 1901, mtu aliyekuja kuhesabu nyumba alifuatwa na mtu wa kodi. Wengine walikataa kutaja idadi ya watoto kwa mila, wengine walificha ng'ombe. Leo Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inamkataza karani kutoa nje majibu ya jamaa yoyote, na akiyatoa anashtakiwa. Kwa hiyo wakati wa hesabu ijayo, inayotazamiwa mwaka 2029, karani akiuliza kuna ng'ombe wangapi, maji yanatoka wapi, nyumba imeezekwa kwa nini, aambiwe kama ilivyo, asipunguziwe wala asiongezewe. Mtoto wa wiki moja huhesabiwa, na mzee asiyetoka kitandani huhesabiwa. Lakini mtu huandikwa pale alipolala usiku wa hesabu. Kijana aliyelala Nairobi usiku ule ni wa Nairobi kwa miaka kumi, hata kama shamba lake, mke wake na mama yake wako Nyansiongo. Na Keroka, ambao soko lake limekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira na kaunti zote mbili hugombania ushuru wake, nyumba moja itaandikwa huku na jirani yake ataandikwa kule, kwa hiyo wenye nyumba wa Keroka na wamwulize karani ameandika kaunti gani kabla hajafunga kitabu.